Nyotamkia ya Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo mimi ndiye mwanasayansi mkubwa kuliko wote mtaani, na mtaa wa pili, na huo wa tatu nao sijaona wa kunisumbua. Shule tuliachana kidato cha pili, kwa amani. Lakini tangu saa nne asubuhi makala yangu ipo kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni: "Makazi ndani ya nyotamkia". Nyotamkia ni donge la barafu kubwa kama mji, linazurura angani bila mwenyewe.

Wazo ni la Mjomba. Yeye fundi friji, mimi namshikia bisibisi. Anasema wasomi wanahangaika kutafuta sayari yenye joto — kazi bure. Friji hutoa joto ndani na kulitupa nyuma; gusa mgongo wake uone. Basi chimba pango kwenye barafu, geuza friji, mgongo uwe upande wako. Barafu inatoa kajoto kake, wewe unaota joto. Ukiona kiu, kwangua ukuta.

Aliposoma jina lake kwenye makala, alisoma mara nne. Halafu akaniambia nikasugue kompresa.

Jumanne, 4 Machi

Kuna mtu ametundika kibao chekundu juu ya makala: imependekezwa ifutwe, mjadala siku saba. Ni mkabidhi — ndivyo wanavyojiita wenye funguo kule. Namwita Kifagio. Anasema wazo hili halijaandikwa popote isipokuwa na mimi. Nikamjibu kila kitu duniani kilianza kwa kuandikwa na mtu mmoja. Akasema kweli, ila si hapa.

Mtu mkavu. Ungemloweka siku tatu asingelainika.

Mjomba sijamwambia. Ameshachapisha makala, ameitia plastiki, ameitundika karakana juu ya meza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeleta waungaji mkono. Watano: Profesa Barafu, Dada Anga, Mzee wa Busara na wengine wawili. Wote mimi. Mzee wa Busara aliandika kwa huzuni kidogo, nikampenda.

Kifagio alichukua dakika tisa. Akasema watu watano wamejiandikisha ndani ya robo saa, na hakuna aliyewahi kuandika kitu kingine maishani. Isitoshe hapa hatuhesabu vichwa, tunatafuta vyanzo: kitabu, gazeti, mtu asiye ndugu yako. Amewafungia wote. Mzee namsikitikia.

Mama amesikia habari za nyotamkia. Ameuliza kama umeme huko unakatika. Nikasema tutatumia nyuklia. Akasema nianze na balbu ya chooni.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mmoja alileta friji isiyogandisha. Ameondoka na somo zima la anga. Friji bado haigandishi.

Halafu akaja fundi redio wa jirani. Miaka ishirini huyu anamwita Mjomba "daktari wa barafu", na si kwa heshima. Akasimama mbele ya ile karatasi, mikono nyuma, akasoma mpaka chini.

"Kaka, hili umelitoa kichwani mwako?"

"Kwani lingetoka wapi?"

Fundi redio akarudi juu ya karatasi, akaanza kusoma tena. Nilitafuta pa kuangalia. Mjomba alikuwa amesimama wima kama mtu anayepimwa suti.

Jumapili, 9 Machi

Kifagio kaniandikia. Ametafuta mwenyewe. Kumbe wasomi wameandika juu ya kuishi ndani ya nyotamkia tangu kabla sijazaliwa. Vitabu vipo. Kwa hiyo wazo lina haki ya makala, na vyanzo atanisaidia kuvitia. Friji iliyogeuzwa haina chanzo. Fundi wake pia hana. Aya tatu za friji na fundi wake zikitoka, makala inabaki. Mjomba wako, anasema, amefika peke yake walikofika wasomi. Mpe pongezi zangu. Ila pongezi si chanzo.

Nimefikiri kwa muda wa kuchaji simu.

Aya tatu zimetoka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshinda. Kibao kimeng'olewa: "Uamuzi: ibaki." Vyanzo sita! Kimoja nimekisoma, nusu. Nani mwingine mtaani ana makala iliyobaki?

Nilimwambia Mjomba, imebaki. Neno hilo tu. Akafuta mikono, akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake, akatoka kwenda kumwita fundi redio.

Saa kumi sasa. Wamekaa kwenye benchi, fundi redio kaleta na mke wake, kavaa miwani. Wanataka kusikia kutoka kwenye simu yangu, kule kule dunia inakosoma. Mjomba kasema, "Mpwa, usituchoshe na mwanzo. Anzia pale penye friji."

Nimewaambia mtandao unasumbua, natafuta mawimbi. Niko uani, naandika hapa.

Kifagio hakulifuta jina la Mjomba. Aliniambia nisikimbilie, bado kuna siku mbili, nimuulize kwanza Mjomba anapenda lipi: makala ibaki bila yeye, au ifutwe naye ndani. Sikumuuliza. Nilijua angeweza kusema ifutwe. Nami nilitaka ibaki, yangu. Nimemfuta mimi, kwa kidole hiki, halafu nikala vizuri.

Anaita tena. Anauliza kwa upole kama mawimbi yamepatikana. Simu ina mawimbi yote manne.