Choa cha Guntur

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Nimeona kidoa begani mwa Guntur, nyati wa Baba, nilipokuwa namsugua. Cha mviringo, kama kifuniko cha chupa, manyoya yamenyonyoka, ngozi imepauka kijivu. Sikushtuka. Nyati hawa wa kufugwa hujikuna kwenye mianzi kila siku. Nikammwagia maji tena, nikampaka mafuta ya nazi mpaka akang'aa.

Baba nimempelekea kahawa chumbani. Mwezi wa kumi na nne sasa tangu pumzi imtoke, na kwa mila yetu, mpaka nyati wake achinjwe yeye ni mgonjwa wetu, si marehemu. Habari anayoitaka ni moja tu, najua. Nikampa: Guntur mzima, Baba. Mazishi ni tarehe 16 Desemba. Wiki sita.

Alhamisi, 7 Novemba

Vidoa vinne. Shangazi Banne, dada yake Baba, kavaa miwani, kainama, kasema neno moja tu — choa. Kisha akaketi kwenye ngazi ya ghala la mpunga akawa ananitazama kana kwamba nimekitengeneza mimi.

Angekuwa nyati mwingine tungecheka. Huyu Baba alimlea tangu ndama, akimkatia majani kwa mkono wake, hakumfunga plau hata siku moja. Alisema mbele ya ukoo mzima: huyu ndiye nitakayempanda kwenda kwa wazee wangu, msije mkanipa mwingine. Na nyati wa kupandwa huko ngozi yake lazima iwe safi. Mwenye dosari ni kitoweo tu.

Jumamosi, 9 Novemba

Dawa ya kwanza. Shangazi kaponda mizizi ile ya jamii ya tangawizi, kaichanganya na chumvi. Sugua mpaka pawe pekundu, kasema. Nikasugua. Guntur akatetemeka mwili mzima lakini hakunitupia pembe. Macho tu. Heri angenipiga.

Mzee Palimbong, jirani yetu, kapita na mwanzi wake wa pombe begani, kasimama kututazama.

"Ludia mwanangu, acha hayo madoa. Yakiongezeka kidogo atakuwa nyati wa mabaka, wale wanaogombaniwa na matajiri, bei mara kumi. Mtanishukuru."

"We Palimbong," Shangazi akamjibu bila kugeuka, "siku yako tutakuchinjia kuku."

"Kuku wengi wa nini, shemeji? Mie jogoo mmoja ananitosha, nami nitambeba, sio anibebe."

Nilicheka. Kisha nikaona aibu, maana Baba yuko nyuma ya ukuta hapo hapo, anasikia.

Jumatano, 13 Novemba

Kumi na moja. Mizizi haikufua dafu. Jumapili kanisani kila mtu alikuwa na dawa. Maji ya tumbaku. Majani ya kile kichaka chenye maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa. Mke wa mchungaji kaniletea kibiriti upele kwenye karatasi ya gazeti, nichanganye na mafuta ya nazi. Nimepaka vyote, kimoja asubuhi kimoja jioni. Mikono yangu inanuka mpaka wanafunzi wangu wa darasa la pili wameziba pua. Mvua hainyamazi, ua mzima ni tope.

Kwa Baba nimesema hivyo hivyo: mzima.

Jumatatu, 18 Novemba

Daktari wa mifugo kaja. Binti mdogo, mgeni huku, kavaa buti kubwa kuliko yeye. Kasema ni kuvu tu. Huondoka yenyewe kwa miezi miwili, mitatu. Nikamwambia mimi nina wiki nne. Akanipa dawa ya kupaka.

Kisha akauliza namwogesha mara ngapi. Mara mbili kwa siku, nikasema, kwa fahari. Akatikisa kichwa. Kasema acha maji, acha mafuta, mwache akauke, apate jua. Na hii brashi — ni yake peke yake?

Si yake. Ni ya Mzee Palimbong. Yangu iliisha meno mwezi wa kumi, nikaazima. Binti akaomba aonyeshwe nyati wa Palimbong. Tukaenda. Choa tele masikioni na shingoni, tangu Septemba, na nani alijali? Ni nyati wa kulima.

Kwa hiyo ni mimi. Asubuhi na jioni, kwa mapenzi yote, nilikuwa naupanda ugonjwa juu ya ngozi yake kama mpunga. Nimechoma brashi. Haisaidii kitu, lakini nimeichoma.

Jumanne, 19 Novemba

Leo sikumwogesha. Mvua ilikatika, nikamfunga juani, mkavu, vumbi mgongoni. Hadi saa sita watu watatu wamepita wakauliza kwa upole kama nimemchoka Baba. Mmoja aliuliza kwa sauti ya kusikika ndani.

Nikamweleza Shangazi alivyosema daktari. Akanisikiliza mpaka mwisho, sikatai. Kisha: "Yule mtoto amewahi kumzika nani? Nyati wa heshima hafungwi mchafu kama wa kukodi. Kaka yangu hajakosa mtu wa kumwogeshea nyati wake."

Jioni nikamwogesha. Nilijua ninachokifanya, na nikamwogesha.

Jumamosi, 23 Novemba

Kaka Layuk kafika kutoka Papua, siku tatu njiani. Kaingia kwanza kwa Baba, katoka macho mekundu, kaenda kwa Guntur. Akaliangalia bega. Nikaenda sokoni kutafuta kibiriti upele zaidi.

Niliporudi nilisikia harufu kabla sijafika langoni. Oili chafu na maji ya betri! Amempaka bega zima kwa tambara. Ngozi imevimba, imechunika, pembeni panatoka maji. Guntur amesimama kichwa kwenye nguzo, hali, hataki hata nimguse.

"Kule kazini tunang'oa kutu kwa hii," alikuwa anasema. "Kutu, Ludia. Nikadhani choa si kitu."

Nilimtukana. Nilimwita majina ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Akaketi kwenye tope na suruali yake mpya akalia kama mtoto. Hakuwepo pumzi ilipomtoka Baba. Alitaka naye afanye jambo. Nikamwonea huruma na sikuweza kumwambia.

Ijumaa, 29 Novemba

Vidoa vidogo vimeanza kuota manyoya. Dawa ya yule binti inafanya kazi. Lakini bega — kovu la upana wa sinia, la rangi ya waridi, halitaota kitu tena, kasema binti. Mkononi mwangu nami kimetoka kiduara. Kinawasha. Sijakipaka chochote.

Ukoo umekaa leo. Mzee wa mila akaweka kiganja juu ya kovu, akakiacha hapo muda mrefu. Huyu hapandwi, kasema. Hakuna aliyebisha. Atanunuliwa mwingine, mweusi, pembe nzuri, kijiji cha pili. Guntur hata kitoweo cha mazishi hatakuwa, eti watu wataona bega. Ataenda kwa mchinjaji mjini. Nilisema Baba alimtaka huyu. Shangazi akanishika goti: "Tunajua, mama. Tunajua sote." Basi, wakaingia kwenye hesabu ya mchele.

Jumanne, 3 Desemba

Lori limekuja saa tatu. Shangazi kakataza lisipakiwe. Nyati wa kaka yake hatoki uani kabla mwenyewe hajaambiwa. Sawa, amwambie nani? Wote wakanigeukia. Layuk kasema wewe ndiye uliyekuwa ukimpa habari zake.

Ni kweli. Wiki nne nimempa habari, zote za uongo.

Niko chumbani naye, daftari magotini. Nimeanza: Baba. Nikamwambia Layuk amenenepa. Nikaanza tena: Baba, kuhusu — nikamwambia mabanda ya wageni yamefika kumi na mawili, mianzi imetosha. Dereva anapiga honi. Shangazi anamfokea huko nje.

Guntur ameita sasa hivi. Ile sauti yake ndefu, ya kutaka majani. Baba anaijua kuliko sauti yangu.

Nimemwambia huyo ni nyati wa Palimbong.

Layuk anagonga mlango. Anauliza kama tayari.