Ngazi Moja, Mkwe na Mkamwana

Shangazi Evarista, shikamoo. Nakusoma gazetini kila Jumamosi, na leo nimeona niandike mimi, naomba unisaidie kabla sijatia saini jambo nisilolielewa.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa pembeni mwa Uyole, huku ambako juzijuzi kulikuwa mashamba ya mahindi na sasa mji umetufikia, basi mtaa ukatuita, tukakubaliana tupimiwe, kila mtu akamega kidogo barabara zipite, tukatenga eneo la soko, la zahanati na la watoto kuchezea, na vile viwanja vinavyotazama barabara kubwa ikapitishwa vijengwe ghorofa moja, maduka chini na watu wakae juu, asiyeweza amwachie mwingine. Chetu ni kimojawapo. Kimeandikwa majina mawili, la mume wangu Ambokile na langu, ila ardhi alitupa baba mkwe, ambaye amefiwa na mkewe na tunaishi naye, jina lake sitaliandika kwa sababu sisi ni Wanyakyusa na mkamwana hataji jina la mkwewe, wala hatuonani, akitaka kupita uani anakohoa kwanza, mimi naingia jikoni, na tangu niolewe hatujasemezana hata neno moja.

Sasa mchoro wa ghorofa una ngazi moja tu, inayopita mlangoni pa chumba cha mzee huko chini. Ambokile anasema baba amekataa katakata, eti kasema, "Siwezi kulala chini ya miguu ya mkamwana," na tukijenga atarudi Tukuyu akafie huko, kwa hiyo heri tuuze tuhamie Igawa. Mimi nilishajiona pale kwenye fremu ya duka yangu mwenyewe, maana miaka yote nashonea kwenye fremu ya kupanga, lakini nikikataa kuuza naogopa ukoo utasema nimemfukuza mzee. Mnunuzi yupo, anaitwa Rabson, mtu wa Tunduma, alikuja kupima kiwanja kwa futi hata kabla ya mkutano uliopitisha ghorofa, mume wangu akaniambia ni fundi wa kutujengea, kumbe ananunua pia. Na kinachonishangaza, siku ya kuweka mawe ya mipaka, wakati habari ya ghorofa mzee ameshaijua, nilikuwa jikoni nikamsikia akimwuliza Liberatus, yule kijana wa mipango miji, "Baba, hicho kibaraza kitaangalia barabarani? Mie nataka nikae nione malori," wakacheka. Sijui alibadilika lini. Ambokile anataka nisaini wiki hii. Nifanyeje?

Mkamwana, Uyole

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesonya.

Heshima unayo, na mimi Mhehe wa Kihesa siwezi kukucheka kwa mila ya kwenu. Mkwe ni mkwe. Lakini mila hiyo imekukataza kumtazama mzee, haikukuziba masikio. Ulimsikia mwenyewe akikitaka kibaraza. Hayo ya miguu ya mkamwana umeyapata kwa nani? Kwa Ambokile. Na ya kwenda kufia Tukuyu? Kwa Ambokile huyohuyo. Halafu fundi gani anapima kiwanja kabla wenye kiwanja hawajajua watajenga nini, kisha anageuka mnunuzi, na wewe unaniandikia "kumbe ananunua pia" kama vile unanisimulia habari za jirani?

Simwiti mumeo mwongo, simjui. Huenda mzee alisema kweli, maana watu hubadili mawazo wakishalala na jambo. Kinachoniudhi ni kwamba mmehudhuria mikutano ya mtaa, mkajua soko litakaa wapi na watoto watacheza wapi, ila hakuna aliyekuletea neno la mzee zaidi ya huyo anayetaka kuuza. Pole, lakini hapo umelala.

Sasa fanya hivi. Kalamu usiishike. Majina ni mawili na bila lako hakiuzwi, hata Ambokile akinuna mwezi mzima. Kisha mtafute wifi yako, au yeyote wa damu ya mzee anayeweza kukaa naye, akamwulize mzee wakati Ambokile hayupo, na jibu akuletee kama lilivyo, bila kulitia chumvi.

Kama mzee amekataa kweli, ngazi ni kitu cha kuchorwa. Nenda kwa Liberatus, mwambie aweke ngazi ya pili kwa nje, upande wa nyuma, ambayo utapita wewe. Chumba cha mzee kiwe chini, mbele, mlango ufungukie kibarazani, na juu ya chumba hicho asilale mtu, pawe stoo ya vitambaa vyako. Mchoro huo mpelekee mzee kwa mkono wa wifi, aukubali au aukatae yeye mwenyewe.

Na kama hakuwahi kukataa, usipige kelele mtaani, wala usimwambie Ambokile kwamba umejua. Mwombe mzee, kwa mdomo wa wifi huyohuyo, awaite wanaukoo nyumbani, na Rabson aitwe pia, kisha mzee amwambie mwanawe mbele yao alichosema na ambacho hakukisema. Wewe siku hiyo kaa jikoni, kama mila inavyotaka. Mlango uache wazi.