Mlango wa Kushoto

Ndagoni, Jumanne, baada ya Alasiri

Uchumba umevunjika. Mama yake Haruni amekuja mwenyewe kutoka Utende kuniambia.

"Mwanangu, tumesikia mlango wa kushoto wa moyo wako haufungi. Utazaaje?"

Mlango wa kushoto! Maneno hayo nilimwambia mtu mmoja tu, dada yangu Zuhura. Daktari wa serikali alinichorea moyo kwenye karatasi: vyumba viwili juu, viwili chini, na kila upande mlango mdogo wa kuteremshia damu. Wangu wa kushoto haufungi barabara, damu kidogo hurudi juu. Ndiyo maana nikitwanga nahema.

Nilimfuata Zuhura jikoni. Hakukana.

"Niliogopa utakufa ukizaa."

"Daktari hakusema nitakufa, dada. Alisema nikipata mimba niende nikaangaliwe."

"Ungemficha Haruni."

"Ningemwambia Ijumaa hii. Nilikwambia hivyo!"

Akaendelea kukuna nazi.

Huenda kweli aliogopa. Lakini kutoka hapa mpaka Utende alikwenda kwa miguu, na njia nzima hiyo hakugeuka.

Kesho asubuhi sijui kama nitaweza kumwamkia shikamoo.