Uzi Mwekundu Umekataa

Jumatatu, 4 Machi 1963

Canio, mume wangu, yuko hospitali ya mjini siku ya sita. Mapafu. Gerarda, binti yetu, karudi na basi la asubuhi, macho yamevimba. Daktari kamwambia tujiandae. Padri amekwisha kumpaka mafuta ya mwisho. Sikulia. Nilimenya viazi.

Jioni jirani yangu Serafina kaja na pakiti nne za rangi nyeusi ya nguo chini ya aproni. Shoga, kasema, usije ukaumbuka kama siku ya mama mkwe. Kweli. Siku ile nilisimama kaburini na gauni la kahawia, la kuazima, na kijiji kizima kilitazama gauni, hakuna aliyetazama jeneza.

Safari hii siumbuki.

Jumanne, 5 Machi

Nimetia rangi. Zote! Sketi, blauzi, shali, soksi, koti. Mjane wa huku havai rangi tena mpaka naye azikwe, sasa nibakize ya nini? Maji ya kuchemka, chumvi konzi mbili, siki. Unakoroga na mti bila kupumzika, ukiacha nguo inashika mabaka. Sufu inakunywa rangi kama mlevi. Pamba ndiyo jeuri.

Mwisho nikatia gauni jekundu, lile alilonunua Canio mwaka tulipomwoza Gerarda. Likaelea. Nikalikandamiza na mti mpaka likazama.

Nimeanika bandani kwa nyumbu wetu wa mizigo, watu wasione.

Gerarda aliniita twende wote hospitali. Nikamwambia nina kazi. Kazi yenyewe hii.

Na niandike ukweli, hapa hasomi mtu: nilikuwa nafurahi. Rangi imeshika sawasawa, nikajiona fundi. Nilikuwa naimba! Mume wangu anakata roho, mimi naimba.

Ijumaa, 8 Machi

Hajafa.

Gerarda kaja mbio — homa imeshuka, baba kaomba supu, kawatukana manesi kwamba haina chumvi. Ndiye yeye! Nikapiga magoti hapohapo jikoni. Halafu nikaiona mikono yangu sakafuni. Myeusi hadi viwikoni.

Nimesugua na limau, na jivu, na mchanga. Ngozi inatoka, rangi haitoki.

Jumatano, 13 Machi

Wamemleta. Mwepesi kama kapu tupu. Nilimpokea mlangoni na gauni la kulalia na blanketi begani — nguo pekee iliyonusurika! Nikasema nina mafua. Kanishika mkono, kautazama. Nini hii? Nikamwambia nilikuwa nasafisha artichoki, mboga zile ambazo utomvu wake unatia weusi.

"Mpaka viwikoni? Ulikuwa unaziogelea?"

Kacheka hadi kakohoa. Nami nikacheka. Mwongo mkubwa, umri huu.

Alhamisi, 14 Machi

Bado nimevaa ya kulalia. Anasema mafua gani haya, niitiwe daktari.

Jumapili, 17 Machi

Kaamka, kachukua fimbo, anakwenda kumsalimia nyumbu wake. Nikasema kuna baridi. Kasema hata nyumbu ana baridi. Nikamfuata huku nakanyaga blanketi.

Kasimama katikati ya nguo. Zimening'inia nyeusi tii, kama ndugu waliokuja kuzika. Kazishika moja moja. Kwenye gauni kaganda. Uzi wa mshono ni poliesta, haukushika rangi. Shingoni, kiunoni, kwenye pindo, mstari mwekundu unapita.

"Uzi umekataa," kasema.

Basi. Kaegemea fimbo, karudi ndani. Na mimi, ambaye mdomo wangu hata padri anauogopa, nikaanza kuanua nguo. Nilitamani nyumbu anipige teke.

Jumatatu, 18 Machi

Hasemi. Anakula, anageukia ukuta.

Kesho sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, kijiji kizima barabarani kwenye maandamano ya jioni. Serafina kapaza sauti dirishani: shoga, kesho utavaa nini? Nikamfungia dirisha. Lakini sina ugomvi naye. Pakiti alileta yeye, mti niliushika mimi.

Nikakaa nyuma ya mgongo wa mume wangu. Nikamwambia, Canio, niliogopa watu.

Hakugeuka. "Mimi niliogopa kufa. Nilikuwa natazama mlango. Ulikuwa wapi?"

Mungu wangu.

Jumanne, 19 Machi

Asubuhi. Canio kanyoa ndevu. Kaingia jikoni kifua wazi, shati lake jeupe la sikukuu mkononi. Kauliza kama pakiti ilibaki.

Moja, nikasema.

"Injika maji."

Nikamwambia usinifanyie mzaha, mzee wangu, sina pa kujificha tena. Kasema shati nalo liwe jeusi, litakauka kwenye moto kabla ya maandamano ya jioni. Na wakiuliza nani kafa, wamuulize Serafina. Hakucheka. Au macho ndiyo yalicheka? Miaka arobaini na tatu naye, na sijui. Sijui kama ananisitiri au ananiadhibu.

Nimemvika blanketi langu, mapafu yale yasipigwe na baridi. Mimi nimevaa gauni. Lile. Uzi mwekundu wote nje.

Naandika ili nisimtazame. Maji yanatokota. Shati liko magotini pake, jeupe pe, niliipiga pasi kola mwenyewe. Kaokota mti wa kukorogea, ananinyooshea.

Haya, bibi, anasema, shika, wewe ndiye fundi.

Mkono wangu hautaki —