Ovaroli Iliyo Kwenye Kioo Si Yako, Baba

Ni mwaka mzima sasa, Baba, tangu kifua kikushinde tukakurudisha Kondoa, kwenye udongo mwekundu wa kwenu. Wewe Bashiri Hamidu, fundi mkuu wa mashine za kukamua alizeti kwa miaka thelathini na mmoja, mtu ambaye hata kanzu yake ya Idi ilinukia mashudu.

Wenzetu huandika kwamba marehemu wao alikuwa ua. Wewe hukuwa ua. Ulikuwa na masizi masikioni na mdomo usiompitisha mtu salama. Aliyechelewa kazini ulimpokea getini: "Shikamoo mheshimiwa, msafara wako umeuacha wapi?"

Apolinari, jirani yetu mfuga nguruwe, ulimjazia ndoo ya mashudu kila wiki ukaisukuma kwa mguu. "Chukua, ila nguruwe wako wakiniona njiani wasinisalimie." Siku ya kukuzika alilia kutushinda sisi wanao.

Julai, upepo wa Dodoma ukikata masikio, ulimwachia Sidonia muuza uji aegemeze mgongo kwenye ukuta wa tanuri. Meneja alipouliza huyu mama ni nani, ukajibu bila kugeuka, "Kipuri."

Sasa tukupe habari za mjini. Kiwanda hakipo. Miezi mitatu baada ya kukuzika, Kampuni ya Uwanda Mpya ilikiangusha, na ukuta wa tanuri ukaenda na vumbi. Wanajenga maduka, ghorofa sita za vioo vitupu, kwenye jua hili. Watu wataiva humo kama vitumbua.

Hatugombani na ghorofa. Mji unakua, na ukue. Ugomvi wetu ni kota: vile vyumba ishirini vya wafanyakazi ambavyo kampuni inavitaka viwe maegesho ya magari. Ulipokuwa hai waliitisha mikutano mitatu. Yote mitatu ulisema hapana, na kota nzima ikasema hapana nyuma yako.

Basi wakangoja ufe, ndipo wakaanza kukupenda.

Alikuja bwana wao mmoja mwenye tai, akamkuta Mama anachambua mlenda. "Shikamoo, mama. Tunatengeneza kona ya urithi. Tunaomba ovaroli ya mzee tuiweke kwenye kioo, tuenzi legasi yake."

"Marahaba. Legasi yake umeikanyaga ukiingia, ni hii sakafu. Na ovaroli naivaa mimi."

Kweli anaivaa, Baba. Anapalilia mtama nayo shambani kule Msalato. Ilivyoshiba mafuta, mvua ikinyesha maji yanateleza kama juu ya bata.

Wiki mbili baadaye kona ya urithi ikafunguliwa ofisini kwao, na ovaroli imo. Ya bluu, safi, ina mstari wa pasi kwenye mguu. Chini wameandika kuwa ni ya marehemu Bashiri Hamidu, imetolewa na familia yake iliyoridhia maendeleo. Baba, wewe na pasi mlijuana lini?

Tulipoulizana nyumbani, mdogo wako Uwesu akawa anasoma dari. Nguo ni yake. Aliinunua mnadani mwaka ule alipotaka kufungua gereji akaghairi kabla ya kuichafua. Kiwandani tunamkumbuka siku za mafuta ya bure tu. Wamemwahidi fremu ya duka, chini kabisa, karibu na mlango.

"Jamani, nguo ni nguo," akasema. "Marehemu hana wivu."

"Marehemu hana, mjane anao," Mama akamjibu. "Nenda kaitoe, shemeji, kabla sijaja kuitoa na wewe ukiwa ndani yake."

Hakwenda. Na sasa watu wa kampuni wanapita mlango kwa mlango na picha ya kile kioo kwenye simu. "Kwa Bashiri wamesharidhia. Nyie mnangoja nini?" Watatu wametia sahihi. Sidonia, naye mpangaji wa kota, alikuja kwetu na macho mekundu. "Mngeniambia tu mapema," akasema, "nikatafuta chumba Mkonze kabla hamjaniaga kwa picha." Tusi la kampuni tungelimeza. Hili la Sidonia kuamini kwamba tumemuuza limetukaa kooni.

Mkutano wa mwisho ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, uwanja wa kota. Kwa hiyo, Baba, tunakwambia wewe, na kota nzima isikie: hatukutoa nguo, hatukuridhia, hatukutia sahihi popote. Aliyesaini kwa kutufuata sisi, hakutufuata sisi. Arudi akaseme hivyo mbele ya watu. Mwenye hamu ya kuona ovaroli ya Bashiri atamwona nayo Mama, kiti cha mbele.

Kisomo chako tutakisoma uwanjani hapo hapo, saa mbili, kabla yao. Pilau itakuwepo. Wenye tai nao wale, hatumnyimi mtu chakula. Wakishashiba tutawakatalia.

Unakumbukwa na mkeo Amina, chumba namba tano. Wanao Mwanahawa, namba tano. Ikram na watoto wake, namba sita. Na Adamu, aliyetoka chuoni Chimwaga na vitabu vyake na analala sakafuni namba tano mpaka Jumamosi ipite. Apolinari, ambaye si ndugu wa damu, namba tisa. Sidonia, namba kumi na moja, ambaye jana aliufungua mzigo aliokuwa ameshaufunga. Uwesu tumemwachia nafasi. Akirudisha nguo yake nyumbani, mwakani tutamwandika.

Tutakukumbuka daima, Baba, na anwani yetu ni ile ile.