Vikapu Vyangu Vichomwe

S.L.P. 41,
Tollhouse, California.
9 Oktoba 2016

Mpendwa mjukuu wangu Rowena,

Pokea salamu zangu kutoka huku vilimani. Hujambo? Ukungu wa Eureka bado unakukohoza? Mama yako Lorraine aliniambia kwenye simu kwamba kifua kimepona, lakini mama yako husema kila kitu kimepona, hata gari lake. Niandikie wewe mwenyewe.

Mimi nipo. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, na mashine ya oksijeni inakoroma kando ya kitanda kumshinda marehemu mume wangu. Muuguzi hanidanganyi kwamba nitapona, nami simuulizi, tunaheshimiana. Uji wa mbegu za mwaloni bado unapita kooni. Kichwa changu ni kizima. Likumbuke hilo, maana wapo watakaokuambia vingine ukishawasomea barua hii.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza ulitumwa na mjomba wako Darrell: kama nitatoa vikapu vyangu viwekwe katika jumba jipya la makumbusho la watu wetu. Jibu ni hapana. Nikifa vichomwe vyote, kama vilivyochomwa vya Wamono wenzetu waliotutangulia, na nataka wewe ndiye uwashe moto.

La pili, kama ninajua kikapu cha bibi yangu Hattie kilipotelea wapi kutoka kile chuo cha bondeni. Ninajua. Jibu lake ni refu kidogo, nivumilie.

Kwanza nikugombeze. Umeandika kwamba unasoma anthropolojia "chuo cha jamii tu, mpaka nihamie chuo kikuu." Unaomba radhi kwa nani? Eti binamu yako anakutania kwamba unasoma sekondari yenye maegesho makubwa. Mwambie bibi yako alianzia hapo hapo, akiwa na miaka thelathini na minne, mchana akichambua zabibu kavu kiwandani na jioni akifungua vitabu kwa vidole vinavyonata. Nilipofika chuo kikuu nilikuta vijana wasiojua kusoma wakiwa wamechoka. Mimi nilijua.

Hata nyumbani walinicheka. Shangazi yangu Tessie alikuwa jikoni nilipomwambia nimejiandikisha.

"Anthropolojia ndiyo nini?"

"Kusoma habari za watu, Shangazi. Hata za kwetu."

"Kumbe unakwenda kuwauliza Wazungu sisi ni kina nani! Keti hapa nikuambie bure, na kahawa juu yake."

"Nataka kujua wanasema nini tukiwa hatupo."

"Wanasema tumekufa. Haya, umeshahitimu. Nipe sukari."

Nikampa sukari. Lakini nilikwenda.

Katika muhula wa kwanza, mwalimu wetu, Bwana Halvorsen, alileta darasani kikapu kutoka kabati la maabara, akakipitisha mkono kwa mkono. Alikuwa mtu mwema, nataka ujue hivyo. Kikapu kikafika kwangu. Nikamjua bibi yangu kwa mkono wake, kama unavyoujua mwandiko wa mama yako juu ya bahasha. Na ukingoni palikuwa na uzi wa bluu uliobaki kwenye tundu.

Huo uzi, Rowena, ulikuwa kidonda cha nyumba yetu. Bibi Hattie alipokuwa mgonjwa, mama yangu alichukua kikapu chake kimoja akakipeleka maonyesho ya kaunti, ajivunie kidogo. Kikashinda, kikafungwa utepe wa bluu. Bibi akafa maonyesho yakiendelea. Moto ukawashwa, vitu vyake vyote vikaenda naye isipokuwa hicho. Mama alipokwenda kukidai aliambiwa kimeshatolewa zawadi, na hakuna aliyemwambia ni kwa nani. Tangu hapo hakusuka tena. Watu wakimbembeleza, alisema, "Mama yangu yuko njiani hajafika, na aliyemchelewesha ni mimi. Mnataka nisuke nini?"

Basi nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiki ni cha bibi yangu."

"Kweli? Ajabu! Basi una bahati, Bi Lundy, kimetunzwa vizuri sana."

"Nakiomba."

"Na nikikupa utakifanyia nini?"

"Nitakichoma."

Darasa zima likaangua kicheko. Jamaa mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Muulizeni kama ana kiberiti!" Hata mwalimu akatabasamu, akakirudisha kabatini.

Sikuwa ninatania. Nilimfuata mkuu wa idara, nikaeleza taratibu, kwa heshima zote. Akanijibu kwamba kikapu ni mali ya wanafunzi wote watakaokuja. Nikamuuliza na wanaokwenda je, wao si watu? Akaangalia saa yake.

Mwaka wa pili Halvorsen alinifanya msaidizi wake wa maabara, akanikabidhi ufunguo wa kabati. Alinisaidia kujaza fomu za kuhamia chuo kikuu, akaandika barua ya kunipendekeza. Nami nilikuwa nikimpangusa bibi yangu vumbi kila wiki, kisha namfungia. Wiki niliyopata habari kwamba nimepokelewa chuo kikuu, nilifungua kabati mchana kweupe, nikakizungushia koti langu, nikatoka kwa mlango wa mbele. Mlinzi alinishikia mlango, akanitakia siku njema. Ningekamatwa, chuo kikuu kingefutika, na pengine ningelala jela. Nilijua hivyo kila hatua, na niliendelea kutembea.

Mama alikuwa anaanika nguo. Alikiona, akaziacha zote chini. Tuliwasha moto nyuma ya nyumba, mimi na yeye peke yetu, jua likiwa bado juu. Akakiweka mwenyewe. Akasema, "Mama, samahani kwa kuchelewa. Kimeletwa na mjukuu wako, alikuwa shuleni." Kisha akalia kilio alichokuwa amekiweka tangu nikiwa mtoto.

Majira ya kuchipua aliniamsha akasema, "Vaa viatu vibaya, tunakwenda mtoni kuchimba mizizi ya kusukia." Alisuka mpaka macho yalipomkatalia, na mimi kando yake nikijifunza. Vikapu anavyovitaka Darrell vimetoka katika moto ule. Bila huo visingekuwepo.

Nilipohitimu chuo kikuu, Halvorsen alikuja kwenye sherehe. Alinishika mkono, akainama.

"Bi Lundy, kiliungua vizuri?"

"Vizuri sana, mwalimu."

"Niliwaambia nimekipoteza mimi."

Akaenda kutafuta keki. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki. Kumwacha mtu yule abebe lawama yangu, hilo linanisumbua, na natamani ningemshukuru. Moto haunisumbui hata kidogo. Nimefundisha anthropolojia nusu ya maisha yangu. Hoja zote za kutunza ninazijua. Nimezisahihisha kwenye mitihani na nikazipa alama nzuri. Bado ningekichoma.

Najua umejenga kazi yako ya mwisho juu ya kukitafuta kikapu hicho, na ndiyo utakayoituma chuo kikuu unachotaka kuhamia. Sasa kisa umekipata. Kiandike, weka jina langu kamili. Ukiona kitakuharibia nafasi yako, kiache, sitakununia. Ila usiandike kwamba kilipotea. Hakikupotea. Kilifika.

Darrell si mjinga. Alikaa hapa kitandani, amekwisha kupima urefu wa rafu za makumbusho, akaniambia, "Shangazi, Wazungu walituchomea vya kutosha. Tusijichomee wenyewe." Neno hilo liliniuma, nikakaa nalo siku kadhaa. Jibu langu ni hili: wao walichoma ili tusikumbukwe, sisi tunachoma ili aliyekwenda asibaki akihangaika njiani. Mkono uliotia moto ndio unaojua tofauti. Na kama ana hofu kwamba watoto hawatajua kusuka, awatoe kwenye makochi awapeleke mtoni. Mizizi bado ipo. Wewe nilikufundisha, unaweza kuwafundisha. Kioo cha makumbusho hakifundishi mtu kusuka. Kinamfundisha kusimama mbali.

Ningevichoma mwenyewe nikajionea, lakini muuguzi amebandika mlangoni onyo kwamba karibu na mashine hii hata sigara ni marufuku. Isitoshe si desturi ya mtu kujifungia mizigo yake. Anayebaki ndiye anayefunga. Na waliobaki wote wameshaanza kusema "ni vizuri mno, ni dhambi kuviunguza." Ndiyo, ni vizuri. Sikusuka vibaya ili iwe rahisi kuviaga.

Mkono wako utasita. Nakujua, na nakujua unapenda vitu vizuri. Utataka kubakiza kimoja, kidogo tu, cha ukumbusho. Mama yangu naye alichukua kimoja tu. Usibakize.

Niandikie neno moja, ndiyo. Ukishindwa niandikie hapana, sitalia, maana bado nina pumzi ya kumtafuta mwingine. Usinyamaze tu.

Msalimie sana mama yako Lorraine na kaka yako Emmett, na wale paka. Watu wa hapa wote wanakusalimu. Darrell naye yumo. Yuko sebuleni amekaa tangu asubuhi, anangoja nimalize kuandika ili aniombe tena, nami nitamkatalia tena, kisha tutakula pamoja.

Mungu na waliotutangulia wakutie nguvu masomoni, na mkono wako usitetemeke siku hiyo.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye mpaka mwisho na hata ng'ambo yake,

Orpha Lundy