Jeraha Nililolipalilia

Dada yangu Kolastika,

Shikamoo dada. Mgongo umeachia? Na shemeji, kile kikohozi chake? Mimi nipo hapa hapa Ifakara, wodini, nakula, nacheka. Ila nilivyokuandikia mwezi uliopita kwamba nimepona, dada, nilikudanganya. Lile jeraha la panga nililolipata kwenye miwa bado liko wazi mguuni.

Sikia sasa. Kidonda kilianza kuota nyama nyekundu, vipele vipele, ukigusa tu damu. Nikajua hii nyama mbaya, magugu haya. Si unanijua kwenye palizi? Nikawa najifungia bafuni na dodoki, nakwangua yote, roho inatulia. Nikasema kikiwa safi kitafunga upesi, nivuke mto nije Malinyi kabla hujaanza kuvuna.

Jana nesi Agripina, Mpogoro mmoja ana mdomo kama wangu, akanifuma.

"We mama, unafanya nini?"

"Napalilia."

"Unang'oa mpunga huo! Hiyo nyekundu ndiyo nyama mpya!"

Akanikalisha, akanieleza. Kumbe mwilini mna vitu vinaitwa vichocheo vya ukuaji, vidogo, hata havionekani. Ukikatwa, damu inavimwaga pale pale, navyo vinaziambia chembe hai za jirani: haya, zaeni, sogeeni mzibe. Chembe haijiamulii, inangoja iambiwe. Na mimi kila nikikwangua nafukuza wajumbe na kazi yao yote.

Nikamwambia, "Loo, hata nyama ina jirani wa kuiamsha! Mimi tangu nije hapa hajanibishia hodi mtu."

Wodi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikageukia ukutani.

Maana hapa kila mgonjwa ana mtu wake. Huyu binti wa kitanda cha pili, wa kijiji cha Mbingu, ana shangazi yake anampikia uji huko nje. Wanagombana kutwa nzima, mpaka nawaonea wivu ule ugomvi. Shangazi anasema mume wa huyu binti ana mwanamke kule Mang'ula, tena mjane! Umbea mtamu hivyo, dada, nami sina wa kumwambia.

Daktari atakitazama kidonda Ijumaa ya wiki ijayo. Kama ngozi ya pembeni haijasogea, watanichuna ngozi ya paja wanibandike hapo kidondani. Dodoki nimempa nesi. Lakini kikiwasha, mkono unakwenda wenyewe. Leo asubuhi nimeshtuka kucha ziko ndani ya bandeji. Ungekuwepo ungenichapa.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako, mwambie bado namwogopa. Binti yako mkubwa mwambie shangazi, aa, mama mdogo wake anamwomba akae shambani aamie ndege, awafukuze, hizo siku chache. Najua nilikwambia usije, mpunga utaliwa. Sahau nilivyosema. Njoo, dada, kabla ya hiyo Ijumaa, unishike huu mkono.

Mimi mdogo wako, yule msemaji,
Oliva